Kijiko cha Mgaya

Vitu ambavyo Laurenti Mgaya hakuwa navyo siku alipoajiriwa Nyanda Dawa:

viatu vya kufunika vidole
cheti, ukiacha cha ngumbaru
koti jeupe la kumtosha
mtu wa kumwambia hapana

1.
Kiwanda kilikuwa vyumba viwili nyuma ya mashine ya kukoboa. Ezekia Mwalongo, mwenye mali, alipima, Mgaya alikoroga. Dawa yao ya kikohozi cha watoto haikununuliwa, mpaka Mgaya alipopanda juu ya kreti sokoni, akameza kijiko kizima.
"Nikianguka, nizikeni na chupa."
Walicheka. Wakanunua.

4.
TANGAZO KWA WAFANYAKAZI WOTE
Hakuna toleo la dawa litakalotoka ghalani kabla Ndugu Mgaya hajameza kijiko kimoja mbele ya mashahidi wawili na kutia sahihi.

5.
Mikoa miwili. Mitano. Mashine ya kujaza chupa. Maabara ya vioo. Kwenye lebo, sura ya Mgaya akitabasamu, kijiko mkononi.

9.
"Mzee, glisarini hii ya kutia utamu ni ya muuzaji mpya," alisema Sekela wa maabara. "Nipe siku tatu niipime."
"Tatu? Na malori yamewashwa? Lete kijiko, mwanangu."
Akameza dawa. Tamu. Tamu kama siku zote.
"Ulimi huu uko kazini mwaka wa thelathini. Hiyo mashine yako ina mingapi?"
Ghala zima likaangua kicheko. Sekela naye akacheka, kwa adabu.
Toleo 2118. Sahihi: L. Mgaya.

10.
Mama mmoja getini, chupa mkononi:
"Mwanangu hajakojoa, leo siku ya tatu. Baba, si ni wewe huyu?"

Alikuwa yeye.

11.
TAARIFA
Uongozi umesikia uvumi kuhusu Toleo 2118. Toleo hilo lilithibitishwa kwa utaratibu wetu wa kawaida. Mauzo yanaendelea.

12.
Wewe unayesoma, ungejua? Ulimi unajua tamu tu. Na mwili wa mtu mzima hubeba kijiko kimoja, lakini figo za mtoto wa miaka miwili, kutwa mara tatu, kwa siku kadhaa…

13.
Sekela alipima hatimaye. Haikuwa glisarini. Ilikuwa sumu, tamu vilevile.

14.
"Ukiandika, Laurenti, unajifunga mwenyewe," alisema Mwalongo. "Sahihi yako. Sura yako."
"Najua."
"Tumetoka mbali, ndugu yangu."
"Watoto wanne wamekufa, Ezekia. Na chupa bado ziko madukani."

15.
Aliandika kwa mwandiko wa ngumbaru, kila herufi imesimama: Kwa Mkaguzi wa Dawa. Mimi ndiye niliyepitisha. Akaweka karatasi ya vipimo vya Sekela. Akalamba gundi ya bahasha. Haikuwa na ladha yoyote.

16.
Ofisi ya vifurushi, stendi ya basi.
"Itafika kesho asubuhi," alisema karani, akamkazia macho. "Mzee, si wewe wa kwenye chupa? Mwanangu anaipenda kweli ile dawa."

"Imwage."

"Nini?"

"Nenda nyumbani, mama. Sasa hivi. Imwage."

Karani alikuwa ameshasimama. Nyuma yake, utingo akaibeba bahasha, akaitupa ndani ya buti, akafunga.