Mfuko Mweusi wa Nyumba ya Fundi

Mtaa ule ulikuwa na milango arobaini, na kila mlango ulikuwa na namba mbili. Ya kwanza ilikuwa namba ya nyumba. Ilipigwa rangi na serikali, nayo haikumshughulisha mtu. Ya pili iliandikwa kwa chaki kila Jumamosi asubuhi, na hiyo ndiyo iliyowatoa watu jasho. Ilikuwa namba ya kilo.

Aliyeiandika alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye hatua za haraka, ambaye watu walimwita Mama Mizani hata mbele ya mumewe. Alifanya kazi katika shirika dogo lisilo la faida, lenye ofisi ya vyumba viwili na choo kilichokuwa pia stoo ya mifagio. Kazi yake ilikuwa rahisi kuieleza. Kila nyumba ilipewa ndoo ya mabaki ya jikoni, gunia la vitu vikavu vinavyoweza kutumika tena, na mfuko mweusi wa kila kilichobaki. Mabaki ya jikoni yaligeuzwa mboji. Chupa, makopo na karatasi vilipelekwa kiwandani. Mfuko mweusi ulining'inizwa kwenye mizani ya ndoano, mlangoni, mbele ya macho ya watu, na uzito wake ukaandikwa papo hapo.

"Aibu ni mwalimu asiyedai mshahara," alipenda kusema Mkurugenzi wa shirika.

Mama Mizani alilicheka neno hilo kila aliposikia, lakini aliliamini.

Na kweli, aibu ilifundisha. Kwa miaka sita nyumba zilizotoa kilo kumi zilishuka hadi nne, kisha mbili. Kiwanja cha mwisho wa mtaa, ambacho zamani kilikuwa jalala la panya na nzi, kilifagiliwa na kuwekewa mapipa ya mboji na banda la kuchambulia. Wanawake tisa walipata riziki pale. Ila kiwanja hakikuwa chao. Kilikuwa mali ya manispaa, na yupo mwingine aliyekitaka kwa maegesho ya malori. Baada ya barua na vikao ambavyo Mama Mizani aliacha kuvihesabu, manispaa ilitoa ahadi. Afisa wake angepita Jumamosi fulani. Akikuta milango yote arobaini iko chini ya kilo mbili, kiwanja ni cha mtaa. Ukizidi mmoja, malori.

Zikiwa zimebaki wiki nne, milango thelathini na tisa ilikuwa chini ya kilo mbili. Mmoja ulikuwa na saba.

Ulikuwa mlango wa Fundi, mwanamke mshonaji asiyejua kusoma zaidi ya namba, ambaye hakuna aliyemzidi kwa kutotupa kitu. Vipande vya vitambaa alivijazia mito. Mabaki ya nyuzi aliyasokota kuwa vifungo vya magunia. Lakini chumba cha ndani alikuwa na mama yake, ambaye miguu ilimgomea mwaka wa pili sasa, na mfuko mweusi wa Fundi ulijaa nepi za watu wazima. Nepi haiozi kwenye pipa la mboji. Kiwanda hakiitaki. Wala haipungui kwa semina.

Mama Mizani alilipeleka jambo hilo kwa Mkurugenzi.

"Tuitoe nyumba ile kwenye hesabu," alisema. "Ana mgonjwa."

"Kila nyumba ina lake, dada. Leo nepi, kesho mwingine ataniletea habari za mbwa wake. Ukimfungulia dirisha mbu mmoja, usilalamikie usingizi."

"Sasa mbu na mgonjwa ni mamoja?"

"Mimi sijasema hivyo. Nimesema fomu iko manispaa tayari. Ina nyumba arobaini. Haina mstari wa wagonjwa."

 Fomu ile Mama Mizani aliiandaa mwenyewe, kwa rula na kalamu nyekundu, na siku ile aliona imependeza.

Mkutano wa mtaa ulifanyika jioni, kama desturi, kando ya ukuta wa Fundi, kwa kuwa ndipo palipokuwa na kivuli kipana. Watu walikaa kwenye mabenchi na ndoo zilizopinduliwa. Zamu ya mlango wa kilo saba ilipofika, kinyozi wa mtaa, ambaye mdomo wake ulikata kuliko wembe, alinyoosha mkono.

"Fundi, huo mfuko wako unautia mawe? Au humo ndani unamshonea tembo suruali?"

Watu wakacheka. Fundi naye alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekanyagwa kwenye foleni.

"Jamani, tusitaniane hivyo," alisema Mama Mizani. Angeweza kuishia hapo. Aliendelea. "Lakini ukweli usemwe, majirani zangu. Mtaa mzima sasa unaingoja nyumba moja."

Alilisema kwa upole, na upole wake ulimridhisha. Alimwona Fundi akiinamisha kichwa. Dirisha lililokuwa juu ya kichwa cha Fundi, lililo wazi, lenye pazia la maua, hakulitazama.

Jumamosi iliyofuata mlango wa Fundi ulikuwa na tano. Iliyofuata, tatu na nusu. Ya tatu, mshale wa mizani ulisimama kwenye moja na nusu, na mtaa ukapiga makofi. Mama Mizani alimshika Fundi mkono kwa mikono yote miwili.

"Umewezaje?"

"Tumejibana," alijibu Fundi, akarudi ndani.

Ijumaa, siku moja kabla ya afisa kuja, Mama Mizani alikwenda kwa Fundi saa tisa mchana. Alibeba miche miwili ya sabuni ya shukrani, na daftari. Alitaka kuijua mbinu. Nyumba yenye mgonjwa imeshuka kutoka saba hadi moja na nusu: jambo kama hilo halina budi kuandikwa lifundishwe mitaa mingine.

"Hodi!"

"Karibu," ilijibu sauti ya Fundi, lakini mlango haukufunguliwa upesi.

Chumba cha mbele kilikuwa safi. Cherehani ilikuwa imefunikwa, mito imepangwa ukutani. Ila palikuwa na harufu, nzito na tamutamu. Mama Mizani alikuwa amefanya kazi na taka kwa miaka sita, na pua yake ilizijua harufu zake zote, za mboga iliyooza, za maziwa yaliyochacha, za panya aliyekufa chini ya gunia. Hii haikuwa ya taka.

"Mama hajambo?" aliuliza.

 Sauti ya chumba cha ndani ndiyo iliyojibu.

"Mlete huyo. Sauti yake naijua."

Mama mzee alikuwa amelala ubavu, amefunikwa shuka hadi kidevuni. Midomo yake ilikuwa imepasuka kama matope ya bwawa lililokauka. Juu ya kigoda, karibu na mkono wake, palikuwa na kikombe cha maji kimejaa pomoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye mizani?"

"Ndimi."

"Karibu. Siku zote nakusikia dirishani. Una sauti nzuri, ungekuwa mtangazaji." Alipumzika kidogo. "Haya, niambie. Kesho tutapita?"

Mama Mizani alimtazama Fundi. Fundi alikwenda upande wa pili wa kitanda akaifunua shuka, taratibu, kama mtu anayeonyesha nguo iliyoungua pasi. Kiunoni na nyongani palikuwa na vidonda viwili. Kimoja kilikuwa na upana wa kiganja, na katikati yake palikuwa na shimo.

"Nepi moja," alisema Fundi. "Asubuhi hadi asubuhi. Zamani tulitumia tano."

"Kwa nini? Fundi, kwa nini?"

"Hanywi. Tangu siku ile ya mkutano. Vijiko vitatu vya kumezea dawa, na uji mzito kidogo, basi. Na nikitaka kumbadilisha anashika mkono wangu, ananiambia bado, haijajaa hii, usiharibu. Nimemlilia. Nimemgombeza kama mtoto. Akishafumba mdomo ni kufuli."

"Na wewe ukamwacha?"

"Ulitaka nimpanue kwa mkasi?" Sauti ya Fundi ilipanda, kisha ikashuka hata ikawa ya chini kuliko mwanzo. "Nisikudanganye, dada. Jumamosi ile ya kwanza, nilipoona tano, nilifurahi. Kinyozi alinisalimia. Nilikuwa nimesahau kusalimiwa kukoje."

Mama Mizani alitoka mbio, akarudi na muuguzi wa zahanati. Muuguzi aliosha vidonda, akaibana ngozi ya mkono wa mama mzee, nayo ikabaki imesimama kama kunjo la kitambaa.

"Huyu anahitaji hospitali na dripu," alisema. "Leo."

"Kesho," alisema mama mzee.

"Bibi, figo hazina kalenda."

"Mimi ninayo. Kesho nikishapita, nipelekeni mnakotaka."

Muuguzi aliandika karatasi ya rufaa, akaiacha juu ya kigoda, akasema mgonjwa mwenye akili timamu habebwi kwa nguvu, lakini akili ya namna hii yeye hajui aiite nini. Akaondoka.

Mama Mizani alipiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, nisikilize. Kesho nitaandika saba. Nitaandika kile kilichopaswa kuwa mfukoni. Nitamweleza afisa mwenyewe. Wewe kunywa."

"Thubutu!"

Neno lile lilitoka na nguvu ambayo chumba kizima hakikujua ilikuwa imehifadhiwa wapi.

"Wiki tatu nimekauka kama ngozi juu ya bati," alisema mama mzee. "Ukiandika saba, kiu yangu yote umeimwaga chini. Unajua nimekaa humu ndani miaka miwili sifai hata kumenya kitunguu? Nilimsikia yule wa wembe. Nilikusikia na wewe. Mtaa mzima unaningoja mimi, ulisema. Basi niacheni nifike." Alifumba macho. "Ukiandika namba ile ndogo nitakunywa. Nakuapia. Hata ndoo nitaimaliza."

Mama Mizani aliondoka na daftari tupu.

Jumamosi mtaa ulijaa. Afisa wa manispaa alikuwa mtu mpole, mwenye faili na viatu vilivyong'aa, aliyerudia kusema kwamba ana harusi ya kuwahi. Walitembea mlango kwa mlango. Mfuko ulitundikwa, mshale ukasimama, chaki ikaandika, afisa akatia alama kwenye fomu yenye mistari ya kalamu nyekundu. Mkurugenzi alitembea nyuma yao akiwa na kipaza sauti, akizitangaza namba kama mtu anayehesabu mabao.

Mlango wa mwisho ulikuwa wa Fundi, naye alikuwa amesimama hapo. Aliutoa mfuko wake mwenyewe. Mama Mizani aliutundika, na mshale ukasimama kwenye moja na robo.

Mizani haikudanganya. Ilipima kilichokuwamo. Mama Mizani alisimama na chaki mkononi, na kwa muda wa pumzi mbili au tatu alijua maneno yote ambayo angemwambia afisa. Yalikuwa mepesi. Angeyasema, wanawake tisa wangerudi majumbani, malori yangekuja, na yule wa ndani angeufumba mdomo wake moja kwa moja. Asipoyasema, kikombe kile kingenywewa.

Aliandika moja na robo.

"Arobaini," alisema afisa, akatia sahihi.

Vigelegele vilipasua anga. Kinyozi aliuinua mkono wa Fundi juu kama wa bondia.

"Huyu hapa! Fundi aliyetushonea kiwanja!"

Mama Mizani hakungoja. Alipita chini ya mikono yao, akavuka chumba cha mito, akaingia ndani, akakichukua kikombe. Kwa haraka yake maji yalimwagikia shuka.

"Tumepita?" aliuliza mama mzee.

"Tumepita, mama. Umepita. Sasa kunywa."

Mama mzee alitabasamu, na mdomo wake uliopasuka ukatoa damu kidogo. Aliinuliwa kichwa. Alipokea funda la kwanza, akalishikilia mdomoni, kama mtu anayeonja kitu alichokikumbuka. Fundi naye aliingia, akasimama mlangoni, kiganja kinywani.

Nje, chini ya dirisha, kipaza sauti kilikwaruza.

"Jamani, jamani, tulieni!" Ilikuwa sauti ya Mkurugenzi, imelewa furaha. "Kiwanja ni chetu! Ila afisa ameniachia neno moja. Atakuwa akirudi kila mwezi, bila taarifa. Siku akikuta mlango mmoja umezidi, wanakichukua. Kwa hiyo tusilegee! Jumamosi ijayo, mizani saa mbili, kama..."

"Kama kawaida!" uliitikia mtaa.

Mama mzee alimgeuzia Mama Mizani macho. Maji yalikuwa bado mdomoni.

"Si nyumba hii," alisema Mama Mizani upesi. "Mama, nakuapia. Nyumba hii hatuipimi tena. Meza. Tafadhali meza."

Mama mzee aliendelea kumtazama. Alikuwa amelea watoto saba, na alijua kiapo cha mtu ambaye jambo haliko mikononi mwake. Polepole aligeuza shavu juu ya mto, akaifungua midomo kidogo, maji yakamtoka pembeni, yakaingia kwenye kitambaa. Kisha akaifumba.

"Mama," aliita Fundi.

 Nje walikuwa wameanza kuimba. Fundi alichukua ncha ya shuka, akamfuta mama yake kidevu, akaichukua karatasi ya rufaa pale kigodani, akampa Mama Mizani amsomee jina la hospitali.