Picha ya Semeni

Mtandao wa shule mimi sikuuomba. Tuliibeba nguzo yake mabegani kutoka barabarani hadi kule juu mlimani, wanaume kwa wanawake, na mwalimu mkuu Yeremia, kwa shukrani, akatutangazia neno la siri kanisani baada ya misa. Tangu hapo ukuta wa shule umekuwa kijiwe. Ukitoka shambani na karoti zako kichwani, unasimama pale, unafungua simu.

Siku hiyo nilikuwa nangoja picha ya binti yangu Semeni. Wenzake wote walishasajiliwa. Yeye picha yake ilikataliwa, na usajili ulikuwa unafungwa jioni ileile. Asiposajiliwa, mtihani wa kidato cha nne hafanyi. Picha nzuri alikuwa nayo mjomba wake Castory, kule Msamvu. Akanitumia, lakini kwenye simu nikawa naona kiduara kinazunguka tu.

Ndani ya ofisi, fundi Shamimu kutoka mjini alikuwa anahangaika tangu asubuhi. Kabadilisha waya, kapanda juu ya paa, kazima kawasha, na mfumo wa usajili haufunguki. Mwishowe akachungulia dirishani, akatuona tumejipanga na simu zetu.

"Mwalimu, wale wote wako kwenye mtandao wako?"

Yeremia akatoka amevimba. "Kumbe ni ninyi mnaotumalizia mtandao! Nabadilisha neno la siri sasa hivi. Nendeni majumbani kwenu."

"Mwalimu, mimi nangoja picha ya Semeni," nikasema.

"Kila mtu hapa ana lake, mama Semeni. Usinichoshe."

Nisimchoshe! Mimi niliyeamka alfajiri kumwagilia kabichi. Kiduara kikasimama. Nguvu za kubishana sikuwa nazo. Nikajitwika karoti zangu nikateremka, roho inaniuma. Huku kwetu bondeni simu haishiki kabisa.

Jua linazama, nasikia hodi. Ni Yeremia, anahema, viatu vyote tope.

"Mama Semeni, tatizo tumelipata. Mtandao sasa unakimbia, mfumo umefunguka mara moja, fundi anangoja kwenye kompyuta. Imebaki picha ya Semeni tu. Nipe, muda unakwisha."

Nikamwangalia. Hata hasira iliniishia.

"Ilikuwa inaingia, mwalimu," nikamwambia. "Ukanifukuza."