Mteja Asiyelalamika

Mume wangu ni fundi viatu, na kinyozi hajinyoi: binti yetu alivaa wiki nzima viatu vinavyombana, tena alivyoshonewa na mume wangu huyuhuyu, aliyempima kwa macho kwa majivuno ya ufundi.

Tulikuwa tumemchukua kumlea miezi mitatu nyuma. Alikuwa na miaka minane, na nyumba mbili za walezi kabla ya yetu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu jembe alijipa mwenyewe siku ya kwanza. Vyombo kaosha, kitanda katandika, kila kitu "asante, mama." Majirani wakanipongeza. Mimi nilikosa raha. Mtoto asiyegomea kitu bado yuko ugenini.

Siku nilipomkuta akifua soksi zenye damu, nikawaka.

"Mbona hukusema?"

Akainamisha kichwa. "Nyumba ya kwanza nilisema mboga ina chumvi. Wakanirudisha."

Hasira zikanihama, zikawaendea watu hao. Laiti ningewajua, ningewafuata na mwiko.

Mume wangu akashona vingine. Vidonda vilipopona, akamkalisha kwenye benchi la wateja.

"Haya, mteja. Vinabana wapi?"

"Havibani, baba."

"Basi sikupi. Mteja asiyelalamika hajamwamini fundi."

Akarudi ndani na ndala zake. Ikawa hivyo siku nne. Nikamwambia mume wangu anamchosha mtoto wa watu.

"Wa watu gani?" akaniuliza.

Siku ya tano mtoto alivaa, akasimama, akakunja uso.

"Kinabana! Kisigino kinabana! Na rangi hii ya wazee siitaki!"

Akarusha mguu, kiatu kisichofungwa kamba kikamtoka, kikapiga kopo la gundi, gundi ikamwagikia buti la mteja mwingine.

Mtoto akautazama mlango, kisha akamtazama baba yake. Nilijua anachongoja, na mimi mwenyewe niliogopa, maana mume wangu hana utani na gundi yake.

Akakiokota kiatu taratibu, akachomoa penseli sikioni.

"Cha kushoto nimekusikia. Na cha kulia?"

Mtoto akafikiri.

"Cha kulia ndicho kibaya kabisa!" akasema, akamwekea baba yake mguu mapajani bila kuombwa.