Baiskeli ya Kukunja Yafika Kisesa

Ndalahwa hakuwa na duka, wala pampu, wala bisibisi. Hakuwa na kovu hata moja la mnyororo ugokoni. Aibu hakuwa nayo kabisa. Alikuwa na tai, na kampuni moja ya Dar es Salaam ilikuwa imemfanya wakala wa baiskeli za kukunja, kwa sharti kwamba apate mteja wa baiskeli kumi kabla mwezi haujaisha. Asipompata, uwakala ungekwenda kwa mwingine. Miaka ile ya soko huria, kila mwenye tai alikuwa wakala wa kitu.

Akaenda Kisesa akisukuma baiskeli moja ya mfano, yenye magurudumu madogo, hadi kwa Bernadeta, mama mwenye ng'ombe wengi, ambaye vijana wake hupeleka maziwa Igogo, mjini, kwa baiskeli.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hiyo umemnyang'anya mtoto wa nani?"

Ndalahwa akakariri alichofundishwa: hili ni toleo jipya, gia zilikuwa tatu sasa ni sita, na bawaba ya fremu imeongezewa kufuli.

"Inakunjwa ili iweje?"

"Ili uibebe, mama. Unapanda nayo hata ndani ya basi."

"Niibebe? Mimi nilidhani yenyewe ndiyo inanibeba!"

Huku baiskeli hainunuliwi kwa maneno. Hupakiwa mzigo wake kamili, ikaendeshwa uani mbele ya mnunuzi. Ndalahwa, mzaliwa wa Misungwi, alilijua hilo tangu utotoni, lakini tai ilikuwa imemsahaulisha. Vijana wa maziwa wakamfungia madumu mawili ya maji. Akaweka gia ya sita, kwa kuwa ndiyo kubwa, akakanyaga. Baiskeli ikagoma, ikayumba, kisha fremu ikafunguka katikati, na wakala akalala kwenye matope.

"Mama, inajikunja yenyewe!" akapiga kelele Maige, mkubwa wa wabeba maziwa. "Haisubiri hata kuombwa!"

Bernadeta hakucheka. Aliitazama ile fremu, jinsi ilivyokaa chini bila bomba la juu, jambo ambalo wakala hakuwahi kulifanya.

"Hii binti zangu wataipanda wakiwa na khanga zao," akasema. "Nitachukua kumi. Bawaba zote zichomelewe, na hizo gia mzing'oe."

"Lakini mama, hiyo ndiyo teknolojia yenyewe!"

"Basi kaiuze kwingine."

Jioni ile, matope yangali kwenye kola, Ndalahwa aliiandikia kampuni kwamba toleo jipya limependwa mno, hasa fremu yake, na kwamba mteja wa baiskeli kumi amepatikana. Habari za kuchomelea hakuzigusa. Akalamba bahasha, akaibana kwa kiganja, akaitumbukiza katika sanduku la posta.