Msumari Uliorudi Koponi

"Anakanyaga vizuri," mume alisema kwa mara ya nne, akimwonyesha farasi. "Macho unayo. Mtazame."

"Namtazama. Sasa nijibu mimi: msumari ulikuwa na urefu gani?"

"Wa kawaida."

"Wa kawaida ndio sentimita ngapi, baba watoto? Daktari hakupokea simu ili tusalimiane."

Simu ilikuwa juu ya ndoo iliyopinduliwa mlangoni pa banda, sauti imefunguliwa. Daktari wa mifugo alisikika akihema. Alikuwa shamba la mbali akimzalisha ng'ombe, na asingeweza kufika kabla ya kesho jioni.

"Mkimaliza kugombana mniambie," alisema.

Asubuhi ile, akisafisha kwato kabla ya wanafunzi wa kupanda farasi kufika, mume alikuta msumari umezama katika ukwato wa mbele wa Bibi Harusi, farasi jike aliyepewa jina hilo kwa mwendo wake wa kujivuta. Akauchomoa kwa koleo, akaufuta kwenye suruali ukang'aa, akautia koponi. Kopo lile la maziwa ya unga lilikuwa sheria ya marehemu baba yake: msumari ukiokotwa uani, futa, tia koponi, maana mchafu utawatia kutu wenzake. Miaka thelathini mume ameitii sheria hiyo, na angeitii hata usingizini. Mkewe alikuja kuambiwa saa nne, wakinywa chai, kwa sauti ya mtu anayetaja kwamba sabuni imekwisha.

Aliiacha chai ikipoa, akaenda kuunyanyua mguu. Msumari ulikuwa umeingia kwenye ile nyama ya pembetatu katikati ya ukwato, laini kama mpira, nayo ilikuwa imekwisha kujifunga. Kilikuwa kimebaki kitone cheusi. Alikizungushia duara kwa kalamu ya wino mzito ya binti yake, ndipo akapiga simu.

"Nirudie," daktari alisema. "Hapo mlipochora, kwa ndani kuna kiungo. Kama msumari haukukifikia, mtaosha na kufunga, atapona. Kama ulikifikia, leo anatembea, keshokutwa hasimami, na nitakuja kumlaza asiamke tena. Mngeuacha humohumo tungepiga picha tukaona umeishia wapi. Mmeutoa. Basi nipeni urefu, nijue kama mumpeleke hospitali ya mifugo leo."

Mama mkwe, aliyemzaa mume, hakungoja aambiwe. Alikuwa amekwisha kukaa kwenye kigoda, kopo lote amelimimina kwenye sinia, anachambua kama anayetoa mawe kwenye mchele. Yeye ndiye aliyemlea farasi yule kwa chupa, baada ya mama wa farasi kufa siku ya kumzaa. Hakulitaja hilo, wala hapakuwa na haja.

"Huu una kutu. Huu una kutu. Huu ni wa kiatu chake mwenyewe, umepinda." Misumari ilirudi koponi mmoja mmoja, mpaka sinia ikabaki na mitatu inayong'aa: mmoja mfupi kama pingili ya kidole, mmoja wa wastani, na mmoja unaopita upana wa kiganja.

"Ni huu," mume alisema, akiugusa mfupi.

"Ni huu, au unaomba uwe huu?" mkewe aliuliza.

Mume alijikuna shingo.

"Ulikuwa umezama wote?" mkewe aliendelea.

"Kilibaki kichwa tu."

"Na huna hakika ni upi."

"Sina." Ilimtoka kwa shida. "Lakini mwendo wa saa mbili barabarani, mguu mbovu, ndani ya trela? Ikiwa ni ule mfupi tutakuwa tumemtesa bure."

"Na ikiwa ni mrefu?"

Mume alimgeukia farasi. Bibi Harusi alikuwa akitafuna majani, miguu yote minne chini, hana habari.

Mke aliuokota ule mrefu. "Basi ni huu, mpaka mwenye mashine ya kuona ndani atuambie vingine. Daktari, umesikia?"

"Nimesikia. Nawapigia hospitali wamngoje. Msimpake dawa yoyote. Fungeni tu, mje." Akakata.

"Nepi," mke alisema.

"Ipi?"

"Ya mtoto. Chukua kubwa, huo mguu si wa mtoto mchanga."

Mume aliifunga nepi kuzunguka ukwato, akaizungushia utepe mpana wa kijivu, raundi baada ya raundi, bila kuacha kunjo hata moja. Mikono anayo, mkewe hakuwahi kumnyima sifa hiyo.

"Mwanangu," mama mkwe alisema, akilitundika kopo mahali pake, "baba yako angefanya vilevile. Naye angekosea."

"Ahsante, mama. Nimefarijika kweli."

Mlangoni pa trela Bibi Harusi aligoma, kama kawaida yake. Mama mkwe alimpita, akaingia mwenyewe hadi mwisho, akasimama amempa mgongo. Farasi alifikiri kidogo, akanyanyua mguu wenye nepi, akamfuata.

Mama mkwe akatokea kwa mlango mdogo wa mbele, mume akapandisha mlango wa nyuma na kukaza komeo. Mkewe alikuwa amekwisha kushika usukani, na mfukoni mwake misumari mitatu ilikuwa imefungwa katika leso. Akawasha gari.