Nyasi Mbele ya Meza ya Kwanza

Saa nane mchana, Jumatatu ya kwanza ya mashindano, msimamizi wa chumba cha kufulia cha hospitali aliwasha televisheni ofisini kwake, akarudisha kiti nyuma, akapandisha miguu juu ya droo. Ofisi yake ilikuwa na ukuta wa kioo ili awaone wafanyakazi. Kwa kuwa kioo hakichagui upande, wafanyakazi nao waliiona televisheni, ila bila sauti. Hivyo ndivyo walivyogeuka mashabiki wa tenisi, na huo ulikuwa mwaka wa saba.

Sauti ilitolewa na fundi wa boila. Hakuwahi kushika raketi maishani, lakini mdomo alikuwa nao, na kila mpira ulipovuka wavu alitangaza mwamuzi kasema nini, mchezaji kajibu nini, na mama wa mchezaji kule jukwaani kanung'unika nini. Siku nyingine alitia chumvi mpaka wakunja mashuka wakashindwa kukunja. Kwenye matokeo tu hakudanganya hata mara moja.

Shabiki aliyewazidi wote alikuwa mpiga pasi wa meza ya kwanza. Chumba kizima kilimwita Shangazi, ingawa shangazi wa kweli alikuwa wa mtu mmoja tu, binti aliyekunja mashuka meza ya pili. Shangazi alikuwa amesimama mbele ya meza ya kwanza miaka kumi na tisa. Tenisi ilimnasa kwa sababu ya viti. Mara ya kwanza alipoona wachezaji wanaacha kucheza, wanakwenda pembeni, wanakaa, na mtu anawashikia mwavuli, aliuliza kama kuna aliyeumia.

"Hakuna," fundi alimjibu. "Ndiyo sheria yao. Wakicheza gemu mbili, wanakaa."

"Gemu mbili ni muda gani?"

"Dakika saba, nane hivi."

"Na hawafukuzwi?"

"Wafukuzwe? Wanapigiwa makofi!"

Tangu siku hiyo hakukosa mashindano. Alimshabikia mchezaji waliyempa jina la Mashoto, mwanamke wa miaka thelathini na minane aliyepiga kwa mkono wa kushoto na kufunga bandeji gotini. Mpwa wake alimwita Mashoto bibi kizee. Shangazi alimwambia asubiri, naye atafika huko huko.

Mwaka huo miguu ya Shangazi ilikuwa imevimba kiasi kwamba viatu alivivaa kwa kuvikanyaga visigino. Daktari wa ghorofa ya pili, ambaye makoti yake alikuwa akiyapiga pasi kila wiki, alimwandikia barua: apewe stuli ndefu apige pasi akiwa amekaa, la sivyo mguu wa kulia hautafika mwisho wa mwaka ukiwa mzima. Aliipeleka barua utawala. Jibu lilirudi likiwa na muhuri. Daftari la mahudhurio, lilisema, linaonyesha saa ya kuingia na saa ya kutoka. Halionyeshi kwamba mtumishi alikuwa amesimama. Alete ushahidi.

Nyasi ziliota Jumanne. Zilitoka kwenye saruji zikiwa fupi na laini, mstari wa kijani kilichokolea na mstari wa kijani hafifu, vilevile zilivyokuwa kwenye televisheni. Zilifunika chumba chote, kuanzia mlango wa mashuka machafu mpaka ukuta wa nyuma wa ofisi ya msimamizi. Wafanyakazi walilalamika kwamba matoroli yamekuwa mazito kusukuma. Msimamizi alibandika tangazo la kukataza kula juu ya nyasi. Fundi aliazima mashine kwa mtunza bustani, akawa anazikata kila alfajiri kabla ya kuwasha boila, kisha mchana anaendelea na utangazaji wake.

Mashoto alikuwa anashinda. Kufikia Ijumaa alishawatoa watatu, mmoja wao binti aliyeweza kuwa mwanawe. Siku moja mvua ilisimamisha mchezo kwa saa mbili nzima, na watu wa chumba cha kufulia wakabaki wanatazama turubai juu ya kiwanja, roho juu, huku mashuka ya wodi ya wazazi yakipoa kwenye matoroli. Msimamizi mwenyewe alisahau kuwagongea kioo.

Jumatatu ya wiki ya pili mpwa aliona jambo. Kule kwenye televisheni, nyuma ya mstari, mahali wachezaji wanaposimama sana, nyasi zilikuwa zimekwisha na kubaki vumbi. Aliangalia chini.

"Shangazi, hebu sogea."

Shangazi alisogea. Pale alipokuwa amesimama palikuwa na kipara cha upana wa hatua moja, na katikati yake vishimo viwili vya nyayo, cha kulia kimezama zaidi.

Wakazunguka chumba chote kukagua. Mbele ya mashine za kufulia nyasi zilikuwa zimechakaa. Kwenye meza za kukunjia zilikuwa zimelala na kugeuka njano. Ofisini, ambako mashine ya kukatia haikufika kwa sababu mlango ulikuwa ukifunguliwa saa tatu, zilikuwa zimefika magotini, na chini ya meza ya msimamizi walikuwa wamehamia panzi wawili. Fundi alisema pale ng'ombe angenenepa. Wakacheka, ila kwa chini chini.

"Walitaka ushahidi," mpwa alisema. "Nani atabisha sasa?"

"Wewe hujawajua," Shangazi alisema, lakini sahihi aliweka. Mpwa aliandika barua mpya wakati wa mapumziko, akachora kipara na vipimo vyake, akaipeleka utawala kwa mkono wake. Siku tano zilizofuata Shangazi hakulala vizuri. Alikuwa na matumaini, na matumaini hayo yalimtia hofu kuliko mguu.

Afisa wa usalama kazini alikuja Jumamosi ya fainali, seti ya tatu ikiwa nne kwa nne. Alikuja na futi ya kupimia na mto mdogo wa kupigia magoti. Alipiga magoti mbele ya meza ya kwanza, akapima urefu, upana na kina cha kila unyayo. Hakuna aliyethubutu kutazama televisheni. Fundi peke yake aliendelea kuitazama na kutangaza kwa sauti ya kunong'ona, akiwa amewapa wote kisogo.

"Nani anasimama hapa?" afisa aliuliza.

"Mimi, baba."

"Kwa siku saa ngapi?"

"Tisa."

"Miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

Afisa alitia kidole kwenye kishimo cha kulia, akatikisa kichwa. "Hali ni mbaya," alisema. "Mbaya sana. Ilitakiwa tuarifiwe zamani."

Machozi yalimlengalenga Shangazi. Kwa miaka yote hiyo hakuna mtu wa utawala aliyewahi kumwambia maneno hayo.

"Saba kwa tano," fundi alisema. "Mashoto kachukua kombe. Amekaa kwenye kiti, kajifunika taulo, analia."

Wakashangilia. Mpwa alimkumbatia shangazi yake, afisa akaandika, na hata msimamizi alipiga makofi upande wake wa kioo. Shangazi alirudi nyumbani jioni hiyo akiamini kwamba siku ile wameshinda wawili.

Mashindano yaliisha, nyasi zikabaki. Ripoti ilibandikwa mlangoni Jumatatu asubuhi. Ilisema kwamba eneo lililo mbele ya meza ya kwanza limechoshwa kupita kiasi, kwamba mizizi imeumia, na kwamba lipumzishwe wiki nane bila kukanyagwa na mtu. Kabla ya saa nne walikuja watu wawili, wakasimika vigingi vinne, wakazungusha kamba. Saa tano kililetwa kiti, kizuri, chenye mto na mahali pa kuegemea, pamoja na mlinzi wa kukikalia na kuangalia kamba isivukwe.

Mlinzi alikuwa mtu mzima mwenye heshima zake. Alimtazama Shangazi miguuni, akainuka.

"Dada, kaa hapa kidogo. Mimi nitasimama."

Msimamizi aligonga kioo kwa kalamu. Mlinzi aliketi tena, akaangalia pembeni.

Iliuma. Shangazi hakuficha, alisema, "Hii imeniuma," kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. Kisha yeye na mpwa wake wakaishika meza huku na huku, wakaivuta hatua moja kushoto, na akasimama juu ya nyasi ambazo hazijakanyagwa. Mashuka ya wodi ya upasuaji yalikuwa yanasubiri.

Kufikia Alhamisi ya wiki iliyofuata nyasi changa zilikuwa zimechipua ndani ya kamba. Msimamizi alitoka ofisini kuzipiga picha ili aambatishe kwenye ripoti. Alijaribu upande huu na upande ule, akachuchumaa, akainuka. Mwishowe alimwomba Shangazi, kwa adabu kabisa, asogee kidogo, maana kivuli chake kilikuwa kinaziangukia.

Shangazi alisogea.