Hodi ya Mizinga

Siku hiyo ilimwendea kombo Nahodha Bastiao Lourinho, mjumbe wa mfalme wa Ureno. Alipoiona bandari ngeni aliamuru mizinga ipigwe, maana kwao hiyo ndiyo salamu ya heshima. Kumbe mji mzima ukatimua mbio na lango la ukuta likakomewa. Merikebuni mabaharia thelathini walikuwa hoi kwa kiseyeye, fizi zikiwavuja damu, na machungwa ya kuwaponya yalikuwa nyuma ya lango hilo. Alasiri, kichwa kikimwanga, alijilaza, usingizi ukamchukua.

Akajiona katika nchi yenye milima ya samawati na mito iendayo mbio kama watoto waliofunguliwa chuoni. Lo, alivyofurahi! Njiani akatokea Majivuno, bibi wa mahameli na vito, akamtwika mgongoni nguzo ya mawe yenye nembo ya mfalme. "Isimike kwanza, bwana," alisema. "Kusalimiana baadaye." Bastiao akamtii, kama alivyomtii miaka yote, akapanda kilima jasho likimtiririka hadi kwenye nyumba iliyonukia machungwa. Akaubamiza mlango kwa ile nguzo. Haukutikisika. Akabamiza tena, akatukana, mwisho akalia.

"Unataka nini, baba?" iliuliza sauti ya mwenye nyumba, bi mkubwa aitwaye Adabu.

"Nifungulie! Watu wangu wanakufa!"

"Mbona hukusema hivyo? Tangu ufike unatueleza mfalme wako ni nani. Tua huo mzigo, usogee nyuma, upige hodi. Ukipiga mara tatu usijibiwe, ondoka bila kinyongo. Mlango ni wangu, baba. Haja ni yako."

Bastiao akagutuka usingizini kwa furaha. "Sisi ndio wenye haja!" alipaza sauti, akavua upanga wake, akaitisha mashua.

"Bila silaha?" Gaspar, msaidizi wake, alimshika mkono. "Wakikuua je?"

"Watakuwa wamemuua mgeni. Asubuhi wangemuua mvamizi."

Akasimama mchangani, mbali kidogo na lango. "Hodi! Nina wagonjwa!" Kimya. "Hodi!" Kimya. Akapiga ya tatu. Alingoja, akainamisha kichwa, akageuka kuirudia mashua huku machozi yakimlenga. Alikuwa amekwisha kutia mguu majini aliposikia komeo likivutwa, na mwanamke akiuliza:

"Wangapi?"